Makadirio ya gharama za kuongeza chumba kwenye nyumba

Makadirio ya gharama za kuongeza chumba kwenye nyumba ni hesabu inayofanywa kabla ya ujenzi ili kujua ni kiasi gani cha vifaa, kazi na fedha kitahitajika kuunganisha sehemu mpya na nyumba iliyokwisha kujengwa. Hesabu hii inafanana na ile ya nyumba mpya, ila ina tofauti moja kubwa: sehemu ya gharama haiko ndani ya chumba kipya bali mahali kinapokutana na nyumba ya zamani, yaani kwenye paa, kwenye msingi na kwenye ukuta utakaotobolewa. Makadirio yanayotazama ukubwa wa sakafu peke yake huiacha sehemu hiyo nje, na hiyo ni sababu mojawapo ya viongezo vingi kubaki maboma yasiyo na paa kwa miaka.

Mtaalamu wa kazi hii huitwa mkadiriaji majenzi. Nchini Tanzania taaluma yake inasimamiwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, nayo hufundishwa katika Chuo Kikuu Ardhi jijini Dar es Salaam. Kwa chumba kimoja wenye nyumba wengi hawamwajiri mkadiriaji. Hutegemea fundi na mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Hata hivyo hesabu yenyewe haizidi eneo na ujazo vinavyofundishwa katika miaka ya kwanza ya sekondari, na mwenye nyumba anayeifanya mwenyewe huwa na jambo la kumuuliza fundi.

== Bei kwa mita ya mraba ==

Njia ya haraka ni kuchukua bei ya kujenga mita moja ya mraba katika eneo husika na kuizidisha kwa ukubwa wa chumba. Njia hii inafaa kwa mazungumzo ya mwanzo, kwa mfano kuamua kama familia ijenge chumba kimoja au viwili. Haifai kwa kununulia vifaa.

Kasoro yake ni kwamba bei hiyo hutokana na nyumba nzima. Katika nyumba nzima gharama zisizobadilika, kama vile kibali, ramani, kuwaleta mafundi na kusafirisha vifaa, hugawanywa kwenye mita nyingi. Katika chumba kimoja hubebwa na mita chache. Lori la tani 7 hubeba mchanga wa mita za ujazo 4 hivi. Mwenye kuhitaji kokoto mita mbili na nusu hulipa safari ya lori karibu sawa na anayejaza lori lote. Kosa kubwa zaidi, hata hivyo, hutokea kwenye paa, kama mfano ufuatao unavyoonyesha.

== Mfano wa vipimo ==

Chukua chumba chenye upana wa mita 4 na kina cha mita 3 kwa vipimo vya ndani, kinachoegemea ukuta wa nyuma wa nyumba. Sakafu yake ni mita za mraba 12. Kuta mpya ni tatu, kwa kuwa wa nne upo tayari. Matofali ni ya saruji ya inchi 6, yaani milimita 150 kwa 230 kwa 450. Urefu wa kuta hupimwa kwenye mstari wa katikati ili pembe zisihesabiwe mara mbili: kuta za pembeni ni mita 3.075 kila mmoja na wa mbele ni mita 4.15, jumla mita 10.3. Namba hii ni ya kutunzwa, kwa sababu karibu kila kitu cha msingi na boma huzidishwa nayo.

Mtaro wa msingi wenye upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 90 ni mita za ujazo 5.6 za kuchimba. Chini yake humwagwa zege la sentimita 15, ambalo ni mita za ujazo 0.93. Juu ya zege hujengwa ukuta wa msingi wa matofali ya kulaza, tuseme mita 1 kwenda juu, ambayo robo yake iko juu ya ardhi. Matofali ya kulaza huingia 13 hivi katika mita ya mraba, kwa hiyo yanahitajika 134. Ukiongeza sehemu ya kumi kwa yanayovunjika ni 148. Udongo uliochimbwa haurudi wote mtaroni. Hubaki karibu mita za ujazo 3, na kama si udongo wa mfinyanzi unaovimba wakati wa mvua, unatosha kuinua sakafu bila kununua kifusi. Mafundi wengi huandika kifusi kwenye orodha bila kuutazama udongo huo.

Kuta za juu zina kimo cha mita 3, ambapo sentimita 25 ni lenta. Matofali hubaki na mita 2.75, na eneo lake ni mita za mraba 28.3. Madirisha mawili ya mita 1.5 kwa 1.2 huondoa 3.6, hubaki 24.7. Tofali la kusimama huingia 9 katika mita ya mraba: ni matofali 223, na pamoja na ya kuvunjika ni 245. Yapo pia ya pembetatu mbili za pembeni zinazofuata mteremko wa paa, ambazo husahaulika mara nyingi. Katika chumba hiki zinahitaji matofali kama 18. Jumla yote ni 411, basi ananunua 420.

Ubora wa matofali nao ni sehemu ya makadirio. Kadiri mfuko mmoja wa saruji unavyotoa matofali mengi, ndivyo kila tofali linavyokuwa dhaifu. Tofali linalomomonyoka kwa kukwaruzwa na msumari ni rahisi dukani na ghali kwenye ukuta, kwa kuwa yanayovunjika njiani hayatakuwa sehemu ya kumi tena.

Zege la chumba hiki ni la msingi (0.93), la jamvi lenye unene wa sentimita 10 (1.2) na la lenta (0.39), jumla mita za ujazo 2.5. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4, mita moja ya ujazo hula mifuko 6 na robo hivi ya kilo 50. Mwanafunzi anaweza kushangaa kwamba mita moja ya zege inahitaji zaidi ya mita moja ya vitu vikavu. Sababu ni kwamba mchanga hujaza nafasi zilizo kati ya kokoto, na saruji hujaza zile za mchanga; ndiyo maana ujazo mkavu huchukuliwa kuwa mara moja na nusu ya zege lililoshindiliwa. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi, basi kwa kila mfuko huwekwa mchanga ndoo tatu na nusu na kokoto ndoo saba za lita 20. Kupima kwa koleo hakuaminiki, kwa kuwa koleo la asubuhi na koleo la saa tisa alasiri si sawa.

Saruji yote basi hupatikana hivi: zege mifuko 16, udongo wa kujengea mifuko 5, lipu ya ndani na nje mifuko 8, sakafu ya juu mifuko 3. Lipu huchukua mingi kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu kila ukuta una nyuso mbili; hapa ni mita za mraba 57 zenye unene wa milimita 15. Jumla ni mifuko 32, na pamoja na ya kumwagika ni 35. Mchanga ni kama mita za ujazo 4 na kokoto mita 2.5.

Nondo za lenta ni nne kwa urefu wote, yaani mita 41. Kwa kuwa nondo huuzwa kwa urefu wa mita 12 hivi, nondo 4 za milimita 12 hutosha pamoja na mapishano ya kwenye pembe. Ringi za kila sentimita 20 ni 52, nazo hutoka kwenye nondo nyembamba 4. Nondo ya milimita 12 yenye kipimo kamili ina uzito wa kilo 0.89 kwa mita, karibu kilo 10.7 kwa nondo ya mita 12. Mizani ya dukani inatosha kujua kama inayouzwa kwa jina la milimita 12 ni ya 12 kweli.

== Paa ==

Hapa ndipo makadirio mengi ya viongezo huharibika. Tuseme paa jipya ni la mgongo mmoja lenye mteremko wa nyuzi 10, na lile la zamani lina nyuzi 25.

Njia ya kwanza ni kukata ukingo wa paa la zamani na kuanzisha bati jipya ukutani, kwenye kimo cha mita 3. Kwa mteremko wa nyuzi 10, bati hushuka sentimita 55 kabla ya kufika ukuta wa mbele, na ukuta huo hubaki na mita 2.45. Bati linalohitajika, pamoja na ukingo wa sentimita 50 mbele na 30 kila upande, ni mita za mraba 18. Chumba huwa cha joto na dirisha la mbele hubanwa, lakini kinajengeka.

Njia ya pili ni kuacha ukuta wa mbele uwe na mita 3 kamili kama kuta nyingine, na ndiyo iliyofuatwa katika hesabu ya matofali hapo juu. Bati sasa hupanda kutoka mbele, hupita juu ya ukuta wa zamani na kukutana na paa la zamani karibu mita 1.9 ndani ya nyumba. Urefu wa bati hutoka mita 3.7 na kuwa 5.65, na eneo lake huwa karibu mita za mraba 28. Yaani chumba chenye sakafu ya mita 12 kinanunuliwa bati la mita 28, pamoja na mbao za kulibeba. Juu ya hayo kuna kufungua bati la zamani, kuungia kenchi mpya kwenye za zamani, na bati la kuziba mahali paa mbili zinapokutana ili maji yasipenye.

Hakuna njia iliyo bora kwa kila nyumba. Kilicho muhimu ni kwamba uchaguzi ufanyike kabla ya kuchimba msingi. Kipimo cha kwanza kabisa kwenye kiongezo ni kimo cha ukingo wa paa la zamani kutoka ardhini, si urefu wa sakafu. Fundi anayetaja bei bila kupandisha ngazi na kupima ukingo huo amekisia.

Katika kununua bati, namba ya geji kubwa ina maana ya bati jembamba: geji 30 ni nyembamba kuliko geji 28. Upana wa kuhesabia ni ule unaofunika baada ya bati moja kupandana na jingine. Kama ni sentimita 70, upana wa paa wa mita 4.9 unahitaji bati 7. Mbao ziwe zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa. Papi zikipangwa kwa nafasi ya sentimita 90 huwa mistari minane, karibu mita 40.

== Mahali pa kuungana ==

Nyumba ya zamani imekwisha kutulia juu ya udongo wake. Chumba kipya bado. Kikishuka hata milimita chache, ufa hutokea kwenye kona mpya na ya zamani zinapokutana. Wapo mafundi wanaozuia jambo hili kwa kuchomeka matofali mapya ndani ya ukuta wa zamani. Mara nyingi hilo huhamisha ufa tu na kuupeleka katikati ya ukuta. Ni nafuu zaidi kuacha nafasi nyembamba iliyonyooka kati ya kuta mbili, kuziba kwa kitu kinachonyumbulika, na kuhakikisha msingi mpya unafika kina kile kile cha wa zamani. Kwa hiyo shimo dogo la kuuona msingi wa zamani liingizwe kwenye orodha ya kazi. Mtaro unaogusa msingi wa zamani uchimbwe kwa vipande vifupi, kwa maana ukiachwa wazi wote wakati wa mvua unaweza kuuondolea ukuta wa zamani egemeo lake.

Mlango wa kuingilia chumba kipya una gharama inayotofautiana sana kwa kutegemea mahali. Ukitobolewa kwenye ukuta mzima, inabidi ukuta wa juu uegemezwe na hakikisho lipatikane kwamba lenta inapita hapo. Ukiwekwa mahali palipokuwa na dirisha, lenta ipo tayari. Kinachokatwa ni matofali ya chini ya dirisha tu. Dirisha lililotolewa, kama ni zima, huhamia kwenye chumba kipya na kupunguza bei ya madirisha.

Jambo jingine la kuulizwa mapema ni kilichopo chini ya ardhi nyuma ya nyumba: bomba la maji, bomba la maji machafu, shimo la choo. Kuhamisha chemba ya maji machafu kunaweza kugharimu kuliko msingi wote wa chumba kidogo.

== Umaliziaji ==

Boma lililopauliwa huonekana kama kazi imekaribia kwisha, na fedha huwa hazijafika hata nusu ya safari katika vyumba vinavyotaka vigae, dari ya jipsamu na madirisha ya aluminiamu. Vigae vya sakafu hapa ni mita za mraba 12, na vya kukatika asilimia 10, yaani 13.2, boksi la vigae vinne vya sentimita 60 kwa 60 hufunika 1.44, basi yanahitajika maboksi 10. Rangi ya ndani ni ya mita za mraba 36 hivi, kwa kuwa ukuta wa zamani uliokuwa nje sasa umekuwa wa ndani. Rangi ya nje huwa na mtego wake: mpya haifanani na iliyopigwa jua miaka mitano, na mwenye nyumba huishia kupaka upande mzima.

Nyaya za umeme hukadiriwa kwa idadi ya pointi za taa na soketi. Kazi yenyewe ifanywe na fundi mwenye leseni, ambayo nchini Tanzania hutolewa na EWURA, naye aangalie kama mfumo wa zamani unaweza kubeba mzigo mpya.

== Ufundi, kibali na fedha za dharura ==

Mafundi hulipwa kwa siku, kwa kila tofali linalojengwa, au kwa kazi nzima. Desturi ya mitaani ya kuweka ufundi kuwa theluthi ya bei ya vifaa inafaa kwa kuanzia, lakini huwapunja mafundi kwenye kiongezo, kwa kuwa kufungua paa la zamani na kutoboa ukuta ni kazi nyingi zenye vifaa vichache. Mapatano ya haki huzitaja kazi hizo peke yake na bei yake.

Kibali cha ujenzi huombwa halmashauri hata kwa chumba kimoja, na ada yake pamoja na mchoro viingie kwenye makadirio. Kibali pia hulinda umbali kati ya jengo na mpaka wa kiwanja. Chumba kilichojengwa hadi mpakani kinaweza kuamriwa kubomolewa, na hiyo ni hasara isiyoingia kwenye orodha yoyote.

Vipimo vyote huandikwa kwenye jedwali lenye maelezo ya kazi, kipimo, idadi, bei ya kimoja na jumla. Bei huulizwa maduka mawili au matatu wiki ile ile, pamoja na nauli ya kufikisha. Mwishoni huongezwa fedha za dharura. Asilimia 10 ni kawaida kwa jengo jipya. Kwa kiongezo 15 ni busara zaidi, maana hakuna ajuaye hali ya mbao za zamani mpaka bati lifunguliwe.

Watu hutumia muda mwingi kubishania bei kuliko vipimo. Tuseme saruji ni shilingi 18,000 kwa mfuko: mifuko 35 ni shilingi 630,000. Ikipanda shilingi 1,000, ongezeko lote ni 35,000. Aliyehesabu bati la mita za mraba 18 kumbe anahitaji 28 amekosea kwa zaidi ya nusu ya bei ya paa, na hakuna punguzo la dukani litakaloziba pengo hilo.

== Kujenga kwa hatua ==

Familia nyingi hujenga kadiri fedha inavyopatikana. Makadirio yao hugawanywa katika msingi, boma, kupaua na umaliziaji, kila hatua na jumla yake. Kwenye nyumba mpya inawezekana kusimama mwisho wa hatua yoyote. Kwenye kiongezo kuna mahali pasiposimamika: tangu bati la zamani linapofunguliwa hadi jipya linapofungwa, nyumba wanamolala watu iko wazi. Fedha za mbao, bati, misumari na mafundi wa kupaua ziwe mkononi zote kabla ya kung'oa msumari wa kwanza, na kazi hiyo ipangwe nje ya masika na vuli. Mlango nao utobolewe mwisho, baada ya chumba kipya kuwa na madirisha na grili, kwa sababu tundu lile ni njia ya wezi.

Saruji haifai kununuliwa yote mwanzoni. Mifuko ikikaa miezi kadhaa mahali penye unyevu huganda, na ya chini huanza. Nondo na matofali huvumilia zaidi, hivyo mwenye akiba anayehofia kupanda kwa bei huanza na hivyo.

== Nyumba za mawe ==

Hesabu ya mfano ni ya matofali ya saruji. Nairobi na maeneo ya jirani kuta nyingi ni za mawe ya kuchonga, na idadi kwa mita ya mraba hupatikana kwa kupima jiwe linalouzwa pamoja na udongo wa kiungo, kwa njia ile ile. Katika miji ya kale ya pwani, kama Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar, kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kuliko tofali lolote. Lipu ya saruji ikipakwa juu ya ukuta wa chokaa hufungia unyevu ndani na baadaye hubanduka, kwa hiyo mahali pa kuungana huhitaji chokaa na fundi anayeijua, ambaye bei yake si ya fundi wa kawaida. Miji hiyo miwili imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, Mji Mkongwe tangu mwaka 2000 na Lamu tangu 2001, na ruhusa ya mamlaka ya uhifadhi huombwa kabla ya kuchora lolote.